Shajara ya Kibuyu: kapsuli ya mzigo kutoka obiti, upande wa Dodoma

Machi

Kwanza tulikubaliana kuhusu tusichotengeneza. Hatutengenezi roketi, na hakuna kitu chetu kitakachofika angani mwaka huu wala mwaka kesho. Tunatengeneza kipande cha mwisho tu cha safari ya mzigo unaoshushwa kutoka obiti, yaani njia ya chombo kuizunguka dunia huko juu: kapsuli ya kilo nne yenye nusu kilo ya mzigo ndani, inayodondoka, ikafungua parachuti, ikatua, ikatuma ujumbe wa mahali ilipo, kisha mhudumu wa zahanati akaifungua kwa mkono bila kuhangaika kutafuta bisibisi. Kitako chake ni kipana na cha mviringo, juu imebanwa shingo, kwa hiyo iliitwa Kibuyu kabla hata mchoro haujakauka wino.

Tuko wachache. Mwalimu wa fizikia wa sekondari, dada aliyesomea elektroniki hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, kaka mwenye droni ya kunyunyizia dawa mashambani, na mimi ninayeandika shajara hii na kutunza fedha, ambazo hazitunziki.

Wenzetu wa ng'ambo wamefika mbali. Varda, kampuni ya Marekani, ilirusha kapsuli yake ya kwanza Juni 2023, ikatengeneza fuwele za dawa ya ritonavir hukohuko juu, na Februari 2024 ikatua Utah. Ya pili ilitua Koonibba, Australia Kusini, Februari 2025. Kampuni nyingine, Inversion, imetangaza chombo kiitwacho Arc: kitakaa kwenye obiti na mzigo wa takriban kilo 225, kikisubiri kuitwa, na kikiitwa kishuke popote duniani ndani ya saa moja. Jeshi la Anga la Marekani nalo tangu 2021 limekuwa likichunguza usafirishaji wa mizigo kwa roketi. Wala kushusha kitu si jambo jipya. Agosti 1960 Marekani iliokota baharini kapsuli ya Discoverer 13, kitu cha kwanza kurudishwa kutoka kwenye obiti, na siku chache baadaye ile ya Discoverer 14 ikadakwa na ndege kwa ndoano ingali inaning'inia kwenye parachuti yake.

Ukisoma matangazo yote haya utakuta saa, dakika, kilo na kasi. Mpokeaji hayumo. Anachorwa kama nukta kwenye ramani, nukta isiyo na ng'ombe, isiyo na mtendaji wa kijiji, isiyo na watoto wanaotoka shule. Huko ndiko tunakotaka kufanyia kazi, kwa sababu nukta hiyo tunaishi ndani yake.

Mwalimu alitupigia hesabu ya nishati ili tuheshimu kazi. Chombo kilicho kwenye obiti ya chini kinakwenda kilomita 7.8 kwa sekunde. Kila kilo yake ina karibu jouli milioni 30 za mwendo peke yake, ambazo ni sawa na joto la kilo moja ya mkaa ikiteketea yote. Kibuyu cha kweli kingeshuka na nishati ya kilo nne za mkaa, na zote ziishe kwa dakika chache bila dawa iliyo ndani kupata hata uvuguvugu.

Aprili

Ngao ya joto. Kibuyu chetu kitadondoka kutoka mita mia moja hivi, hakitaona moto wowote, lakini tuliamua ngao iwe ya kweli kadiri mfuko unavyoruhusu. Ngao ina uzito, uzito unaamua ukubwa wa parachuti, na parachuti inaamua kasi ya kutua. Ukiweka ngao ya karatasi, unapima kitu kingine kabisa.

Watu wengi hudhani chombo cha kurudi duniani kinatakiwa kiwe na ncha kama mkuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, H. Julian Allen wa shirika la NACA nchini Marekani, mtangulizi wa NASA, alionyesha kwamba ni kinyume chake. Kitako butu hurundika hewa mbele yake, wimbi la mshtuko husimama mbali kidogo na chombo, na sehemu kubwa ya joto huondoka na hewa inayopita pembeni. Kadiri mviringo wa kitako unavyokuwa mpana ndivyo joto la katikati linavyopungua, ila kwa uchoyo: ukikuza nusu kipenyo cha mviringo mara nne, joto linashuka kwa nusu tu. Ndiyo maana kapsuli ndogo zina shida kuliko kubwa. Udogo haukupi nafuu ya moto.

Joto linalobaki linaliwa na ngao yenyewe. Tabaka la juu linageuka mkaa, gesi inayotoka ndani yake inausukuma moto nje, mkaa unabomoka, tabaka la chini yake linashika zamu. Wachina walitumia mbao za mwaloni kwenye ngao za satelaiti zao za kurudi, zilizoanza kuruka miaka ya 1970. Ulaya ilitumia unga wa koki, lile ganda la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, uliogandishwa kwa resini, gundi inayokauka ikawa ngumu, kwenye ngao ya Schiaparelli, iliyoingia anga la Mirihi mwaka 2016. Chombo hicho kilianguka vibaya kwa sababu nyingine; ngao ilifanya kazi yake.

Basi, mbao zipo Tanzania, na koki ipo Dodoma, kwa sababu Dodoma kuna zabibu, kuna mvinyo, na palipo na mvinyo kuna vizibo. Tulipita kwenye baa na mahoteli tukiomba vizibo vya chupa. Wahudumu walitucheka, kisha wakazoea, mwishowe wakawa wanatuwekea kwenye mfuko. Vya plastiki vilitupwa, na ni vingi kuliko tulivyotegemea. Mama mmoja mwenye genge la juisi tulimwomba blenda yake, akakataa, na alikuwa na haki. Vizibo vimekunwa kwa mbuzi ya nazi. Kazi ya jasho, lakini unga wake ni mzuri na chembe hazipishani sana ukubwa.

Majaribio ya moto tuliyafanyia kwenye gereji moja ya Chang'ombe, kwa fundi wa kuchomelea mwenye mitungi ya oksijeni na asetilini. Mwali wake unapita nyuzi 3,000, na hata kwenye maabara kubwa kipimo cha kwanza cha vifaa vya ngao hufanywa kwa mwali wa aina hii. Kipande kinene cha sentimita mbili, waya wa kupimia joto umebandikwa mgongoni, saa mkononi. Tulitaka kujua kila kipande kinaulinda mgongo wake kwa muda gani kabla haujafika nyuzi 150.

Mpingo ulitusumbua kwa namna mbili. Kwanza fundi aligoma. "Kaka, mti huu watu wanautafuta kwa tochi huko Kilwa, nyie mnauletea tochi ya kuuchoma?" Alipolainika, mpingo wenyewe ukapasuka. Ni mti mzito mno, gesi ya ndani haina pa kutokea, kwa hiyo kipande kinatoa mlio na kuachia ufa, na ufa kwenye ngao ni mlango. Mninga ulikwenda vizuri zaidi, ila ulitufundisha kuhusu nyuzi za mti. Ukiukata ili nyuzi zielekee motoni, joto linazifuata hadi mgongoni kwa haraka. Ukiulaza ili nyuzi ziwe sambamba na uso, mgongo unabaki baridi kwa muda mrefu, lakini tabaka zinabanduka moja moja kama ganda la kitunguu. Mkonge uliochanganywa na resini haukubanduka wala kupasuka, ukatoa moshi wa kutisha tu, na jirani mwenye duka la vipuri akaja kuuliza kama tumemaliza au tunaendelea.

Vizibo vilishinda. Mkaa wake unafanana kutoka ukingo hadi ukingo, kipande ni chepesi, na ukikwaruza tabaka jeusi unakuta chini yake koki ya rangi ileile iliyotoka kwenye chupa. Tumeamua ngao iwe ya koki na resini, na safu nyembamba ya nyuzi za mkonge ndani ili isimeguke ikigonga ardhi.

Mwalimu anataka liandikwe hili: mwali wa gereji si obiti. Hauna kasi ya hewa inayokwangua, wala mgandamizo, wala gesi iliyopasuliwa atomi. Unakuambia kipi kibaya. Kipi kizuri hauwezi kukuambia.

Mei

Mwezi wa makaratasi na kompyuta. Tuliomba kibali cha droni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na tukiwa tunasubiri tukafanya hesabu ya obiti. Hapo ile "saa moja" ya Inversion ilianza kupungua uzito.

Kushuka kwenyewe ni haraka kweli. Chombo kilicho kilomita 400 juu kinahitaji kupunguza kasi kwa takriban mita 100 kwa sekunde tu ili kianze kuporomoka. Breki inapigwa karibu nusu dunia kabla ya mahali pa kutua. Kwa Dodoma ina maana juu ya Bahari ya Pasifiki. Kuanzia hapo hadi ardhini ni kama dakika 45. Ahadi imetimia, unasema.

Ila chombo hakipiti juu ya Dodoma kila saa. Chukua obiti iliyoinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kama ya kituo cha kimataifa cha anga za juu. Kinazunguka mara 15 na nusu kwa siku, kinaivuka latitudo yetu mara 31, ila mara hizo zimetawanyika kwenye duara la karibu kilomita 39,800. Kapsuli ya kawaida, inayoweza kujisogeza tuseme kilomita 100 kila upande, inapata nafasi ya kutua kwetu mara moja kila siku tano hivi. Chombo chenye umbo la kuelea kinachoweza kukata kona hadi kilomita 1,000 kinapata nafasi kama mbili kwa siku. Ukitaka saa moja ya kweli unahitaji kundi zima la vyombo huko juu, kila kimoja na mzigo wake, vikizunguka miaka na miaka vikimsubiri mtu augue mahali fulani. Tangu hapo tumeacha kuiita huduma ya usafirishaji. Ni bohari. Bohari iliyo juu, yenye mlango unaofunguka kwa ratiba yake.

Kuna habari njema kwa sisi wa karibu na ikweta. Ukilaza obiti hadi nyuzi sita tu, chombo kinarudi upande wetu kila baada ya dakika 98 hivi (dunia nayo inazunguka, ndiyo maana si 92 za mzunguko mmoja), na kile cha kukata kona kilomita 1,000 kingeweza kutua Dodoma kwenye theluthi mbili ya mizunguko yake. Nchi za kaskazini haziipati bahati hiyo. Wala si ndoto ya mchana: Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya, na tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Uhuru ilipaa kutoka pale kuelekea obiti iliyoinama nyuzi tatu tu. Jukwaa lilifanya kazi hadi 1988. Pwani yetu inajua mambo haya kuliko inavyosimuliwa.

Habari mbaya ni njia ya kuingilia. Vyombo hivi huja kutoka magharibi. Kuelekea Dodoma kinapita juu ya Kongo, kinavuka Ziwa Tanganyika, Kigoma, Tabora. Kikipungukiwa kinaangukia huko. Kikizidisha kinaelekea Morogoro na Dar es Salaam. Na kupungukiwa si nadharia. Mei 2003 kapsuli ya Urusi, Soyuz TMA-1, ikiwa na watu ndani, ilishuka kwa njia ya mkato na kutua kilomita 460 kabla ya mahali palipopangwa. Hiyo ni barabara yote kutoka hapa hadi Dar.

Juni

Parachuti. Kitambaa ni cha mwavuli, kimenunuliwa kwa mita Majengo sokoni, na aliyeishona ni fundi cherehani anayeshona sare za shule. Tulimpa mchoro wa vipande vya pembetatu, akautazama, akauliza: "Hii kofia ya nani?" Tulipomweleza akaweka sindano chini na kusema mshono wa kawaida utachanika kwenye ukingo, anataka kuweka ule wa jinzi, unaokunjwa mara mbili na kupigwa nyuzi mbili. Dada yetu akacheka, kwa sababu ndio huohuo unaotumika kwenye parachuti za kiwandani. Fundi alitaka pia kuziba lile tundu la katikati, akiona ni uharibifu wa kitambaa. Tulimwomba aliache. Bila tundu, hewa iliyonaswa inatoroka kwa zamu, mara upande huu mara ule, na kapsuli inayumba kama kengele.

Hesabu za vitabuni zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100 na mchana kuna joto, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ile ya kitabuni. Parachuti yenye kipenyo cha mita moja na nusu, ambayo pwani ingeshusha kilo nne kwa mita 6.7 kwa sekunde, hapa inashusha kwa 7.3. Inaonekana kidogo, lakini kishindo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kishindo cha Dodoma kina nishati karibu asilimia 19 zaidi. Vichupa vya kioo vinaijua tofauti hiyo. Tumeongeza kipenyo, na chini ya mzigo tumeweka godoro la koki iliyobaki.

Kiamshi cha parachuti ni akselerometa ndogo inayohisi kuanguka. Dada amechora mshale mwekundu kwenye bodi, mshale mwingine kwenye ganda, na amekataza mtu yeyote kufunga kapsuli kabla mtu wa pili hajahakikisha mishale inatazama upande mmoja. Akiulizwa kwa nini ukali wote huo anajibu kwa neno moja: Genesis. Septemba 2004 kapsuli ya NASA ya jina hilo ilirudi Utah na sampuli za upepo wa jua. Helikopta zilikuwa hewani zikisubiri kuidaka. Parachuti haikufunguka, kapsuli ikajikita ardhini kwa kasi ya kilomita zaidi ya 300 kwa saa, na uchunguzi ukakuta vihisio vya mpunguo wa kasi viliwekwa juu chini. Wanasayansi waliokota vipande na bado wakapata matokeo, lakini dada hataki kuokota vipande.

Kibali kimetoka. Mwisho wa kimo mita 120, mchana tu, mbali na uwanja wa ndege.

Julai

Tulikwenda Bahi kutafuta uwanja. Kwenye ramani panavutia: tambarare, magharibi mwa mji, upande ambao chombo kingetokea, na kiangazi mbuga inakauka kabisa. Masika ni maji na mpunga, kwa hiyo "popote wakati wowote" imeshakufa miezi kadhaa ya mwaka. Lakini kiangazi ndiko mifugo inakokwenda. Ukisimama katikati unaona vumbi la makundi kila upande.

Tulipokelewa chini ya mti wa mkutano na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wazee kadhaa na kina mama waliokuwa wakipita wakaamua kukaa. Tukaamkia shikamoo, wazee wakaitikia marahaba na kuongeza mbukwa zao, tukajibu kadiri tulivyojaliwa. Mwalimu alieleza kwa ufupi mno, na baada ya maelezo yake mwenyekiti akauliza swali ambalo sijaliona kwenye tangazo lolote la kampuni.

"Sasa hicho kitu kikianguka, kimeangukia kwa nani?"

Tukasema kina mwenyewe, kinatumwa zahanati. Akasema hapana, anauliza ardhi. Kikiangukia shambani kwa mtu, huyo mtu anaitwa nani kwenye karatasi zenu? Ni mlinzi, ni shahidi, ni mdaiwa? Maana kitu cha thamani kikipotea, polisi wataanza na mwenye shamba.

Mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza akauliza kuhusu ng'ombe. Alikuwa amesikia habari ya Makueni, Kenya, ambako mwisho wa Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha mita mbili na nusu, kilo 500 hivi, iliangukia kijiji cha Mukuku kutoka angani. "Ile ingempata ng'ombe wangu, wanangu, ningemdai nani?"

Jibu la kisheria lipo, na tulimpa. Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu dhima unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika moja kwa moja kwa madhara yake ardhini, bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Mzee akaridhika. Mwalimu, ambaye hawezi kuacha jambo likiwa nusu, akaongeza kwamba "nchi iliyorusha" ni pamoja na ile iliyoagiza chombo kirushwe, na kwamba mkataba huohuo hauwahusu raia wa nchi iliyorusha. Maana yake, kifaa cha watu kikiua ng'ombe wa Bahi, kuna mkataba. Siku Tanzania yenyewe ikiagiza bohari yake ya angani kwa ajili ya kuwatibu watu wa Bahi, ng'ombe yuleyule anarudi kwenye sheria za ndani. Mzee akamtazama muda mrefu. "Kwa hiyo ni heri kikiwa cha wageni." Watu wakacheka, ila mtendaji aliandika.

Swali la mwisho liliulizwa na mama aliyekuwa na mtoto mgongoni, nalo ndilo lililobadilisha Kibuyu. Alisema king'ora chetu kinachokusudiwa kumwonyesha mhudumu kapsuli ilipo kitawaita watoto. Watoto wako karibu kuliko mhudumu, wana mbio kuliko mhudumu, na hawaogopi kitu kinacholia. Chombo cha kweli kingekuwa na ngao bado ya moto, na vingi hubeba haidrazini, mafuta yenye sumu ambayo hata mafundi huyashika wakiwa wamevaa mavazi maalumu.

King'ora kimeondolewa. Badala yake kuna kipaza sauti kidogo chenye sauti ya mtu mzima anayesema watu wakae mbali na wamwite mhudumu, kwa Kiswahili, Kigogo na Kisukuma. Yule mzee wa ng'ombe amejitolea kurekodi ya Kigogo.

Kuhusu umiliki wa ardhi, mtendaji amependekeza fomu ya ukurasa mmoja ikae ofisini kwake, na mwenye shamba alipwe posho ya ulinzi hadi mzigo uchukuliwe. Kwa maoni yangu karatasi hiyo ina thamani kuliko ngao yote ya koki.

Agosti

Upepo wa Dodoma wa mwezi huu haubembelezi. Tunadondosha alfajiri, kabla haujaamka. Parachuti inafunguka vizuri, mshono wa jinzi haujaachia popote, tundu la katikati limetuliza mayumbo. Vichupa vya maji ya chumvi vilivyosimama badala ya dawa vinatoka salama, isipokuwa pale upepo unapokiburuta Kibuyu baada ya kutua. Sasa kuna kikata kamba kinachoachia parachuti mara kapsuli inapogusa ardhi. Kutoka mita mia moja upepo hauchukui mbali. Kutoka kilomita tatu, ambako kapsuli ya kweli ingefungulia parachuti kubwa, upepo wa mita nane kwa sekunde ungeisogeza zaidi ya kilomita tatu. Kwa mtu wa baiskeli hiyo ni sawa. Kwa mtu anayesubiri dawa ya sumu ya kifutu, tuseme ni sawa pia, ikiwa ameshasubiri dakika 45.

Tumebishana sana juu ya mzigo. Damu haifai kwa bohari ya juu: chembe nyekundu hukaa siku 42 kwenye ubaridi, chembe sahani siku chache tu. Dawa ya sumu ya nyoka iliyokaushwa kwa baridi ndiyo inayofaa, kwa kuwa inaweza kudumu hadi miaka mitano. Lakini hata hapo hesabu ni chungu. Kupeleka kilo moja kwenye obiti kwa roketi ya kuchangia ni zaidi ya dola 5,000, na kinacholipiwa si mzigo peke yake bali Kibuyu kizima: kilo nne, zaidi ya dola 20,000, kwa nusu kilo ya dawa. Na cha kweli kingekuwa kizito zaidi. Kwa fedha hizo unaweka friji ya sola kwenye zahanati, unaijaza dawa, na bodaboda wa kuifuata unambakishia mafuta.

Tena Dodoma si kisiwa. Tangu Julai 2024 treni ya mwendokasi inaleta mtu kutoka Dar kwa chini ya saa nne. Kaka mwenye droni, aliyeanza mradi huu akiwa na moto kuliko sote, sasa ndiye anayesema kwamba obiti inashindana na vitu ambavyo havimo nchini kabisa, na siku ambazo njia zimekatika. Nilimtajia Hanang, Desemba 2023, tope lilipofunika Katesh. Akajibu kwamba pale vilihitajika makatapila, na katapila halidondoshwi kwa kitambaa cha mwavuli.

Hata hivyo hatusimami. Yote tuliyopima ardhini yanafanya kazi bila kujali kilichodondosha: droni, ndege, puto au obiti. Rwanda wamekuwa wakipokea damu kwa droni na parachuti ndogo tangu 2016, na hapa wengi wanakumbuka tangazo la 2017 kwamba Dodoma ingekuwa na kituo cha aina hiyo. Fomu ya mtendaji ingefaa hata huko.

Yanayosubiri: resini imeagizwa Dar. Mwenyekiti ameomba sehemu ya fomu inayohusu mifugo iandikwe upya, safari hii ng'ombe watajwe kabla ya mazao. Rekodi ya Kigogo imefika, na ni nzuri, ila mzee alianza kwa salamu, akauliza hali za nyumbani, akaulizia mvua na mifugo ya yule atakayekuwa anasikiliza, na chipu ya sekunde 30 ikajaa kabla hajafika kwenye "msiguse". Hakubali kupunguza. Anasema hakuna mtu wa maana atakayemtii anayeamrisha bila kuamkia. Dada ameagiza chipu ya dakika mbili.